Buti Lisilomuuma Babako

Mwanangu Thuraya,

Umetoka kwenda Ghubra kuagana na wenzako, na nyumba imenyamaza kama vile umeshaondoka. Babako kalala. Nimeona nikuandikie sasa, alasiri, maana kwa mdomo sitoweza. Umeshanizowea: nikianza jambo zito nnaligeuza katikati, nakuuliza kama umekula.

Sitakwambia habari za koti wala za kupiga simu. Koti tumenunua hapa hapa Muscat, Madinat Sultan Qaboos, unalo, na simu utapiga ukipenda. Sala unazijua. Mie nnataka kukwambia habari za viatu. Juzi ulikuwa ukizungumza na shoga yako kwenye simu, nami napita na kikapu cha nguo, nikakusikia unamwambia kwamba huko Austria, mara tu theluji ikianguka, utakodi mbao na buti ujifunze upya kuteleza. Uliposema "upya" ulishusha sauti, ukautizama mlango wa chumba cha babako.

Sikukasirika, mwanangu. Chuo chako kiko kwenye mji wa milimani, wenzako wote watakwenda, na wewe ni kijana. Lakini nilikaa juu ya kitanda na zile nguo mapajani, sikuweza kuzikunja.

Ile safari yetu ya Georgia ulikuwepo, na hukuiona yote. Hebu nikuhadithie.

Unakumbuka ulikuwa umemaliza skuli, babako akakuuliza unataka nini, ukasema theluji. Mie nilitaka twende Salala tukapate mvua, basi. Babako alifurahi zaidi yako. Mtu aliyefanya kazi ya barabara maisha yake yote, kwenye jua la jangwani, akawa anazungumzia theluji kama mtoto anayengoja Idi. Aliwaambia mpaka wale wazee wenzake msikitini. Alikuwa na sukari wakati ule, hilo ulilijua, sote tulilijua, lakini nyumbani kwetu sukari ilikuwa neno la kutaniana. Akichukua halwa unamwambia, "Baba, sukari," naye anajibu, "Ndiyo, nipe na kahawa."

Ambalo hulijui ni hili. Mwaka mmoja kabla ya safari tulikwenda pwani hapa Hail kuchoma mishkaki, mie na yeye, wewe ulikuwa na mitihani. Alikuwa pekupeku kwenye mchanga, akizunguka jiko. Nikasikia harufu, nikadhani nyama inaungua. Nikatizama chini, nikaona kakanyaga kaa la moto, kasimama juu yake, na bado ananihadithia habari za kontrakta mmoja aliyemchosha kazini. Nikamvuta mkono. Akainua mguu, akautizama unyayo wake kama anautizama wa mtu mwengine.

"Hukusikia?" nikamuuliza.

"Nilisikia kidogo," akasema. Uongo. Hakusikia kitu. Akakaa kwenye kiti, akaniambia, "Zuwena, usimwambie Thuraya. Atanikalia juu."

Nami sikukwambia. Sikukwambia wewe, sikumwambia dada yangu, sikumwambia daktari alipotuuliza kama kuna jipya. Kila usiku nilimfunga lile jeraha mpaka likapona, likabaki kovu jeusi, na nilijiona mke mwema ninayemhifadhi mume wangu. Nilikuwa nikijipongeza, Thuraya. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo.

Sasa lile duka la kukodi mabuti, kule Georgia. Wewe unalikumbuka kwa kelele zake, mie nnalikumbuka kwa harufu ya soksi mbichi na plastiki. Watu wamejaa, kila mtu anataka kutoka aende mlimani. Yule mama wa dukani, mwenye miwani na mvi, alipiga goti mbele yako akakupima mguu kwenye kile kibao cha chuma. Buti la kwanza ukasema linabana kifundo. La pili ukasema kisigino kinanyanyuka. La tatu ukasema vidole vimekunjika. Nikaona haya. Nikakwambia kwa Kiswahili, "Usimchoshe mama wa watu, watu wanangoja." Ukanijibu, "Mama, si mguu wangu?" Ukaendelea kumchosha, naye hakuchoka, akakuletea mpaka ukapata. Akakuonyesha kwa mikono: ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukipiga magoti virudi nyuma, na kisigino kikae pale pale kama kimegundishwa. Ulikuwa umefanya jambo sawasawa, na mamako akakuonea haya. Nisamehe.

Babako alikaa kwenye benchi baada yako. Alivaa soksi mbili za sufi, tangu hotelini, moja juu ya nyengine. Yule mama akatikisa kichwa, akainua kidole kimoja: moja tu, nyembamba. Akashika ukingo wa soksi amvue. Babako akaurudisha mguu nyuma kwa haraka. Nilijua kwa nini. Lile kovu. Hakutaka lionekane, na wewe umesimama pale. Akasema kwa Kiingereza chake cha kazini kwamba yeye mtu wa nchi ya joto, asipovaa mbili ataganda. Yule mama akacheka, akachoka, foleni ndefu, akamvisha hivyo hivyo.

Buti la kwanza tu, babako akasema liko sawa.

Yule mama hakuamini. Watu wote kwenye benchi lile walikuwa wanalalamika, kwa sababu buti jipya mguuni lazima ulisikie, hata likiwa lako hasa. Akayakaza yale mabizimu ya chuma, moja moja, akamuuliza, "Linauma?"

"Haliumi."

Akakaza tena. "Hapa je?"

"Hapana. Laini kama ndala," akasema, akanitizama akicheka.

Thuraya, yule mama aligeuka akanitizama mie. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alinitizama kama mtu anayeuliza, na mie nilikuwa na jawabu mdomoni. Neno moja, sukari. Kwa Kiarabu ni hilo hilo, kwa Kiingereza halendi mbali, angelielewa. Angelimvua zile soksi, angeliona. Pengine angelimpa buti jengine, pengine angelikataa kumpa kabisa. Lakini ulikuwa umevaa lile koti lako jekundu unajitizama kwenye kioo, na babako alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu harusi yetu, nami sikutaka kuwa ndiye mwenye kuiharibu. Nikamwambia kwa Kiingereza, "Huyu mgumu huyu, hasikii kitu." Tukacheka sote watatu, mie, babako na yule mama. Nilisema kweli yenyewe, nikaifanya mzaha.

Siku ile mliteleza mpaka jua likazama. Mie nilikaa kwenye mgahawa na chai, nawaona kwa mbali, wewe unaanguka, yeye anaanguka, mnainuana. Ilikuwa siku nzuri. Siwezi kukudanganya kwamba haikuwa nzuri, na ndiyo maana siwezi kuikumbuka bila ya kuumwa.

Hotelini, wewe ukaingia kuoga. Babako akakaa kitandani akavua soksi, ya juu ikatoka imelowa. "Theluji imeingia," akasema. Nikaichukua niitandaze kwenye chombo cha joto, mikono yangu ikawa myekundu. Soksi ya ndani ilijikunja chini ya kile kifundo, ule mkunjo ukakaa pale mchana kutwa, buti limeukandamiza, na ngozi yote imeondoka. Kwenye kidole gumba vile vile. Mtu mwenye hisia zake asingeweza kukaa nalo mguuni muda wa kunywa kahawa.

Nikamwambia, "Kesho huendi."

Akasema, "Thuraya kaniambia kesho atateremka peke yake nimuone. Nimuambie nini?"

"Mwambie umeumia."

"Sikuumia, Zuwena. Hauniumi."

Nikamfunga bendeji. Nilimfunga vizuri sana, kwa mikono yangu hii, akavaa lile buti tena asubuhi, akenda kukuona. Ulivyoteremka ulinyanyua mikono juu, naye akapiga makofi mpaka glavu zikamtoka. Ule usiku wa pili kidole kilikuwa cheusi.

Yaliyobaki unayajua, kwa sababu yalikuwa hapa Muscat mbele ya macho yako. Homa, hospitali, wakamkata vidole kwanza, halafu wayo mzima, halafu chini ya goti. Yule daktari aliyekuwa akitwambia kila mara kwamba hii ni ya mwisho. Usilolijua ni namna nilivyokusikia siku moja, umejifungia chooni, unasema peke yako, "Mimi ndiye niliyetaka theluji." Nilikuwa nje ya mlango. Niliinua mkono nibishe, nikaushusha. Nilijiambia nitazungumza nawe ukitulia. Ukatulia, na mie sikuzungumza. Miaka imepita, umeibeba hiyo peke yako ilhali mwenye mzigo nilikuwa mie. Theluji haikumkata babako mguu. Kutaka kwako hakukumkata mguu. Tulikuwa watu wazima wawili, tunajua, tukanyamaza kila mmoja kwa ajili ya mwenziwe, na tukauita huo mapenzi.

Unajua, nilitaraji kwamba baada ya msiba mkubwa watu husogeleana. Ndivyo wanavyosema. Kwetu haikuwa. Babako amekaa kile chumba, televisheni inawaka bila ya sauti, mguu wa bandia umo kabatini na mfuko wake. Aliujaribu mara moja. Alipoanguka pale ukumbini nilikimbia kumshika akaniambia, "Niache, nimechoka na watu kunipima miguu." Msikitini hendi. Wale wazee walikuja, wakaja tena, siku hizi wanasalimia kwa simu. Nnampikia, nnamuosha, nnamgeuzia mto. Hatugombani. Ingekuwa bora tukagombana. Wakati mwengine nnakaa na yeye nikatafuta neno la kumwambia, nisilipate, nikamuuliza kama anataka chai. Nnakuandikia haya ili usije ukadhani huko uliko kwamba mambo hapa yanatengenea. Hayatengenei. Mie sina tumaini nayo tena, na nimechoka kujifanya ninalo kila unaponitizama.

Na wewe sasa.

Ramadhani iliyopita, ulipoanguka jikoni tukakupeleka kiliniki pale Ghubra, daktari akasema sukari, ulinishika mkono kwenye gari. "Mama, usimwambie Baba. Usimwambie mtu. Chuoni wakijua wataniona mgonjwa." Nikakuitikia. Nikaendesha gari mpaka nyumbani nikiitikia. Usiku nikakumbuka kwamba ni maneno yale yale, na sauti ni ile ile, ya pale pwani, na mie nimeitikia vile vile. Mtu hujifunza nini basi, mwanangu, ikiwa anafanya jambo lile lile na mtoto wake wa pekee?

Nnajua miguu yako inasikia. Daktari kasema wewe bado, mapema, ukijitunza huenda usifike huko. Sikwambii haya kukutisha usiende mlimani. Nenda. Lakini ukifika kwenye lile duka la kukodisha, nakuomba uwe yule mtoto aliyemchosha mama wa watu. Nimesoma sana habari za mabuti tangu siku ile, mie ambaye sitovaa buti maisha yangu. Nilikuwa nikisoma kule hospitali nikimngoja babako atoke chumba cha operesheni, kama kwamba nikijua zaidi watamrudisha mzima. Kwa hiyo nnajua kwamba mtu anayeanza hutaka buti kubwa, kwa sababu linamstarehesha pale dukani, halafu mlimani mguu unacheza ndani, hawezi kuzigeuza mbao, anakaza mabizimu kwa nguvu ili kulishika, na hapo ndipo panapoumia. Buti linatakiwa likukumbate mguu wote kwa pamoja. Likikubonyeza pahala pamoja tu, si lako, hata namba ikiwa sawa. Soksi iwe moja, nyembamba, ndefu, uivute mpaka isiwe na mkunjo, na suruali ya ndani usiitie kwenye buti. Muundi wako uegemee mbele, kwenye ule ulimi, bila ya kukuchoma. Zunguka nalo dukani mpaka wakuchoke. Ukirudi adhuhuri kutaka kubadilisha, rudi. Vitu vya kukodi faida yake ni hiyo, unarudisha kisichokufaa.

Wakikuuliza unajua kiasi gani, sema hujui. Wakikuuliza uzito wako, sema uzito wako, usipunguze kwa kuona haya, kwa sababu kile kinacholishika buti kwenye ubao wanakipima kwa uzito na ujuzi wako, ili ukianguka kifunguke kikuachie mguu. Ukidanganya hakikuachii. Na waambie una sukari. Mwambie yeyote anayekupigia goti kukuvisha. Mwambie na mwenzio wa chumbani, ajue ukianza kutetemeka ni nini. Jioni ukivua, kaa, utizame mguu kwa macho yako, chini na baina ya vidole, usiuulize kama unauma. Mguu haujibu kweli siku zote.

Nimemaliza ya mabuti. Lipo moja, na nimeandika yote haya nikilizunguka.

Leo asubuhi nilipokuwa nikimuosha babako mguu wake uliobaki, niliona kidonda kwenye kisigino. Kidogo, kama punje ya mtama, pembezoni pamekuwa peusi. Sijui kina siku ngapi. Nnamuosha kila siku, na sijui. Nikamwambia, "Salim, kuna kidonda."

Akaurudisha mguu nyuma. Halafu akauliza, "Thuraya anaondoka lini?"

"Kesho."

"Basi nyamaza mpaka apande ndege."

"Na ukipata homa?"

"Nyamaza, Zuwena. Mtoto asibakie hapa kwa ajili ya kisigino."

Nikamuitikia. Ni mara ya kwanza kwa muda mrefu kunitizama usoni, kwa hivyo nikamuitikia.

Sasa nimeshamvunjia ahadi, na sijui kama nimefanya wema au nimekutwika kitu kisichokuwa chako usiku wa kuamkia safari. Nimefikiri kuitia barua hii kwenye mkoba wako uikute ukiwa angani. Hiyo ndiyo njia yangu ya zamani, kusema pale ambapo halifai kitu tena. Kwa hivyo nitakupa mkononi ukirudi, kabla hujafunga begi.

Nataka uende. Nakwambia kwa moyo wangu wote, na huku nikijua nini kinaweza kutokea nyuma yako. Keshokutwa nitampeleka hospitali hata akinitukana, na watakalosema nitakupigia nikwambie, lolote litakalokuwa, sitakusubirisha mpaka mitihani yako ipite. Lakini ukiona huwezi kwenda, hilo pia litakuwa lako kuamua, na safari hii utaamua ukiwa unajua.

Ukimaliza kusoma usije kwangu kwanza. Mie nitakuwepo jikoni, nipo siku zote. Ingia kwa babako bila ya kubisha, kaa kitandani kwake, umwambie akuonyeshe kisigino. Atakwambia hakiumi. Mvue soksi.

Mamako,
Zuwena